Tanbihi ya Ukurasa wa 214

Masjala, Mahakama ya Wilaya
4 Februari

Kwako Profesa,

Shikamoo. Jina langu huenda lisikwambie kitu, kwa hiyo nitajieleza kwa namna nyingine: mimi ndiye msichana wa benchi la nyuma, penye dirisha lililovunjika, uliyekuwa ukiniita Binti Swali. Niliacha chuo mwaka wa tatu, baba alipopata kiharusi. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikarudi nyumbani kumgeuza mzee kitandani. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita katika masjala ya mahakama huku wilayani. Mahakimu wanakuja na kuhama, mimi na mafaili tunabaki. Wananiita Mama Faili, nami naitika.

Mihadhara yako sijaisahau. Ulikuwa ukiingia na vumbi la chaki begani hata kabla hujaandika neno, tukawa tunanong'onezana kwamba umelala darasani. Hujaweka hata mkoba chini, unauliza: "Ibara ndogo inasemaje?" Na ole wake aliyesoma ibara kubwa peke yake! Tulikuita Profesa Ibara Ndogo. Nadhani ulijua. Siku moja ulisema tusidhani sheria zote hutungwa bungeni, nyingine hutungwa ndani ya vyumba kama kile, kwa chaki, mbele ya vijana wenye njaa. Tulicheka sana. Leo nikitazama nani yuko wapi, sicheki tena.

Nina swali, kama kawaida yangu. Katika kitabu chako cha sheria ya familia, ukurasa wa 214, chini kabisa, kuna tanbihi: "Mwanamke aliyeishi na mwanamume bila ndoa iliyosajiliwa huhesabiwa kwa desturi kuwa mkaazi kwa hisani, na hisani hiyo hukoma kwa kifo." Hapa kwetu kuna mshonaji aliyeishi na fundi magari miaka kumi na tisa. Fundi amefariki Novemba. Ndugu zake wanaitaka nyumba, na wakili wao ameleta kitabu chako. Shauri litasikilizwa tarehe 20 Aprili.

Maneno hayo uliyatoa wapi, Profesa? Ni desturi ya nani?

Mwanafunzi wako,
Binti Swali


Mji mkuu
19 Februari

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, viatu mkononi, nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Wewe! Ulinisumbua mpaka nikaanza kuandaa mihadhara upya kwa ajili ya mtu mmoja. Ulipoacha kuja niliuliza, wakaniambia umeolewa. Nikasema kumbe, hasara kwetu, faida kwa mume. Kumbe ni baba. Nisamehe kwa kuamini haraka.

Unakumbuka mashine ya kurudufu, namna karatasi zilivyotoka mbichi mnazinusa kama mkate? Unakumbuka tulivyokosa viti, jaji mkuu wa leo akakaa juu ya ndoo? Nimestaafu, mama watoto amenitangulia, nyumba imebaki mimi na vitabu, lakini siwezi kulalamika. Nikipita bungeni nusu ya ukumbi inaniamkia. Mahakamani hali kadhalika. Serikali ikiumwa kichwa, simu yangu inalia. Vijana wangu ndio wanaoendesha nchi, wa upande huu na wa upande ule, nao wakigombana hugombana kwa maneno niliyowafundisha mimi. Mwalimu atake nini zaidi?

Kuhusu tanbihi yako, kusema kweli sikumbuki vizuri. Zamani hizo tulizunguka kuwauliza wazee, tukakusanya hili na lile. Nadhani ilitoka huko. Mambo madogo hayo.

Utafurahi kusikia kwamba sheria mpya ya ndoa inaandaliwa. Mwenyekiti wa kamati ya bunge ni yule mrefu wa darasa lenu aliyekuwa akisinzia. Amenitumia rasimu, na kifungu cha tisa ni tanbihi yangu hiyo hiyo, neno kwa neno! Nilicheka peke yangu. Herufi ndogo za chini ya ukurasa zinapanda kuwa sheria ya nchi.

Niandikie tena. Hujui ulichonifanyia.

Mwalimu wako wa zamani


Masjala
6 Machi

Profesa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba bado unacheka. Mimi barua yako ilinikalisha chini.

Unasema mambo madogo. Ngoja nikueleze yanavyokuwa yakifika huku. Hakimu anafungua kitabu chako, anasoma mistari miwili, nami naandika kwa mkono wangu. Mwanamke aliyesimama kizimbani haelewi. Ananigeukia mimi, kwa sababu mimi ni mwanamke na nimekaa chini kama yeye, ananiuliza: "Dada, wamesemaje?" Nami namwambia: wamesema ulikuwa mgeni. Nimeyasema hayo kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa muuza mkaa, kwa bibi aliyezaa watoto sita katika nyumba hiyo hiyo. Bibi aliniuliza: "Mgeni gani anayezikia watoto wawili uani?" Nikaendelea kuandika.

Sasa naomba radhi. Katika barua yangu ya kwanza nilikuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mezani.

Desemba paa la ghala letu lilivuja, tukahamisha mafaili ya zamani. Nikatafuta shauri la kwanza kabisa lililotaja tanbihi hiyo. Lilikuwa hapa hapa kwetu, miaka ishirini na saba iliyopita, mwaka mmoja kabla sijaajiriwa. Kitabu kilitoka Aprili, hukumu ikatolewa Juni. Wino haujakauka! Marehemu alikuwa fundi rangi. Waliomdai nyumba mwanamke aliyeishi naye walikuwa ukoo wake, na jina la ukoo huo, Profesa, ndilo lililoandikwa kwenye jalada la kitabu chako.

Yule mwanamke alikuwa nani kwako?

Binti Swali


Masjala
27 Machi

Profesa,

Wiki tatu bila jibu. Nilijiambia barua imechelewa. Kisha juzi msajili wa mahakama aliniita ofisini, akafunga mlango. "Mama Faili," akasema, "tumesikia unawaandikia wakubwa kuhusu mashauri yaliyo mbele ya mahakama. Umebakiza miaka minne kustaafu. Uitunze." Hakusema amesikia kwa nani.

Profesa, barua hizi nimekuandikia wewe peke yako. Kama ni wewe uliyenisemea, basi niambie tu, nijue mtu niliyemkumbuka miaka yote hii hakuwapo. Afadhali hasira yako kuliko kimya chako.

Mshonaji amefungiwa nyumba na mashemeji. Ameleta cherehani yake kwenye baraza la mahakama, anashonea hapo sare za shule akisubiri tarehe. Hakimu anaipita asubuhi na jioni. Jana mshonaji aliniuliza kama aliyeandika kitabu yu hai. Nikamjibu yu hai. Akasema: "Basi si angeulizwa?"

Karani wa Masjala


Mji mkuu
3 Aprili

Binti yangu,

Sikukusemea, lakini ni mimi niliyekuponza. Mwenyekiti alinipigia simu kuhusu rasimu, nami nikajisifu kwamba hata karani mmoja wa wilayani anaijadili tanbihi yangu. Nilifikiri nazungumza na mwanafunzi. Kumbe nazungumza na mwanasiasa. Mdomo ulioniweka nilipo ndio uliokuletea msajili mlangoni. Nimemwandikia bwana huyo barua, na nakala nimempa jaji mkuu. Hawatakugusa.

Sasa swali lako. Nimeanza kulijibu mara nyingi, kila mara nikaishia kuandika utetezi, nikachana.

Fundi rangi alikuwa kaka yangu mkubwa. Baba alipokufa, kaka ndiye aliyenichukua kunisomesha. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko la mji wenu, na kila ukuta ulikuwa na rangi yake, maana alipaka mabaki ya rangi za nyumba za watu. Sebule ilikuwa kijani mpaka kiunoni, juu yake buluu ya hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na saba alipomleta shemeji. Hakukuwa na sherehe wala cheti, alikuja tu na sanduku la bati na kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Walinipa chumba chenye dirisha nisome, wao wakahamia kile cha giza. Kaka alikuwa akirudi kazini nywele nyeupe kwa chokaa, shemeji anamwamkia, "Shikamoo babu," naye anaitikia kwa sauti ya kizee, anaomba fimbo yake. Tulicheka hivyo hivyo kila siku, utani ule ule, kwa miaka. Siku nilipokwenda chuo nilikuwa na shati moja. Shemeji alilifua, akalikausha juu ya sufuria ya maji ya moto kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, akanivalisha likiwa bado na joto. Hadi leo nikivaa shati lililotoka kupigwa pasi, nasimama kidogo.

Walikaa pamoja miaka kumi na sita. Kaka akaanguka kutoka ngazini, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Ukoo ukakutana. Mama yangu akanitazama akasema, "Wewe ndiye mwenye sheria." Walitaka nyumba. Wakili akasema hakuna mamlaka ya kutegemea, hakuna kitabu kinachosema hivyo. Na mimi nilikuwa na kitabu mezani, karatasi za mwisho kabla ya kwenda kiwandani kuchapwa. Ukurasa wa 214 ulikuwa na nafasi chini, mistari miwili.

Nilijaza. Hakuna mzee niliyemuuliza. Hakuna desturi, binti yangu. Ni nafasi iliyobaki kwenye karatasi, na mama aliyenitazama.

Sikwenda mahakamani. Nilimpa wakili kitabu. Baadaye nikawa na kazi nyingi, kisha nikawa mkubwa, na mtu mkubwa haulizwi. Wewe umekuwa wa kwanza.

Tarehe ishirini nitakuja. Mwambie mshonaji aniite shahidi.

Mwalimu wako


Masjala
24 Aprili

Profesa,

Shikamoo. Uliondoka na basi la mchana ule ule, hukungoja hukumu, nami sikupata nafasi ya kukuaga. Nimeandika mwenendo wote wa shauri, lakini mwenendo hauna mahali pa kuandika kwamba mahakama nzima ilisimama ulipoingia, wakili wa wapinzani akiwa wa kwanza, kitabu chako kwapani. Umezeeka, Profesa. Vumbi la chaki halipo, lakini bega uliliinamisha upande ule ule.

Nilikuangalia ukisema, "Tanbihi hiyo niliitunga. Si desturi ya mtu yeyote." Nilikuangalia wakili alipokuuliza kwa heshima, karibu kwa huruma, "Profesa, una umri gani sasa?" ukamjibu, "Umri wa kutosha kujua nilipodanganya." Watu wa nyuma wakaguna. Mshonaji hakuguna. Alikuwa amekutazama kama mtu anayepima kitambaa.

Hukumu imesomwa leo asubuhi. Tumeshindwa.

Hakimu, kama unavyojua, ulimfundisha wewe, miaka kumi baada yetu. Alisema: "Profesa mwenyewe alitufundisha kwamba maandishi hayafutwi kwa maneno ya mdomo. Mahakama hii inafungwa na maamuzi ya miaka ishirini na saba yaliyofuata kitabu. Haifungwi na majuto ya mwandishi wake." Kisha akasimamisha utekelezaji mpaka rufaa, akaagiza mshonaji afunguliwe nyumba kwa sasa. Alipotoka alisimama penye cherehani, akauliza bei ya suruali ya mtoto. Hakuinunua. Nadhani alitaka kusema kitu kingine.

Usihuzunike. Mshonaji anasema afadhali ameshindwa akiwa amesikia ukweli.

Binti Swali


Mji mkuu
30 Juni

Binti yangu,

Kumbe nimetengeneza kitu kinachonishinda nguvu. Basi nikaamua maandishi yapigane na maandishi. Nimechapisha masahihisho katika jarida la kitivo, ukurasa mzima, pamoja na habari ya kaka, bila kuficha. Gazeti moja likayachukua, na kichwa cha habari sikukipenda, lakini ni haki yao. Nakala nimempa wakili wa mshonaji kwa ajili ya rufaa.

Kisha nikaenda kwenye kamati. Waliniamkia wote, wakaniwekea kiti karibu na mwenyekiti, mmoja akauliza, "Profesa, ibara ndogo inasemaje?" tukacheka kama siku zile. Nikasema: futeni kifungu cha tisa. Wakacheka tena. Walidhani nawajaribu, kama nilivyozoea kutetea upande mbovu darasani nione nani atanipinga! Ilibidi nisimame. Niliwasimulia kuta za rangi, na shati.

Mwenyekiti akanishika mkono tulipotoka. "Mzee wangu," akasema, "ukikubali kwamba hii uliijaza tu, watauliza na zile nyingine. Tumejenga juu ya vitabu vyako." Nikamwambia waulize. Akauachia mkono wangu.

Kifungu kimeondolewa, kwa tofauti ya kura mbili. Ukumbi mpya wa kitivo, ambao ungepewa jina langu, nasikia sasa utaitwa Ukumbi wa Mashariki. Simu hailii sana. Asubuhi nakunywa chai nikikumbuka wale vijana kwenye madirisha yaliyovunjika, nami nawapenda kama zamani, ila sidai tena kwamba ni wangu.

Lakini nimefanya haya yote mbele za watu, na aliyekosewa hakuwapo. Je, katika faili lile kuna anwani yake?

Mwalimu wako


Masjala
22 Agosti

Profesa,

Shikamoo. Anwani ya kwenye faili ilikuwa ya zamani, lakini masjala ni ndugu: nimeuliza karani huyu, karani yule, mpaka nikampata. Yuko mji wa pili kutoka kwetu, alistaafu kazi ya ufuaji wa hospitali, anakaa na mpwa wake. Anwani nimeiambatisha. Mwandikie kwa mkono wako.

Na pokea habari njema: rufaa imeshinda jana. Jaji alinukuu masahihisho yako. Mshonaji alipoelezwa hakushangilia, alikaa chini akavua viatu, akasema miguu inamuuma tangu Novemba. Leo amekuja kuchukua cherehani yake, ambayo hakutaka kuihamisha kabla ya rufaa kuisha. Baraza limekuwa kubwa mno.

Binti Swali


9 Septemba

Shemeji,

Barua yako nimeipata. Mpwa wangu alitaka kunisomea, nikamwambia macho yangu mazima. Ni ndefu. Wewe tangu zamani hujui kuandika kifupi, kaka yako alikuwa akisema ukiandika kuomba sabuni, unaanza na uumbaji wa dunia.

Unanieleza mambo ya bunge na ya rufaa. Nashukuru kwa huyo mshonaji. Nyumba yetu usiisumbukie, niliipita mwaka ule wa mafuriko, nikakuta ghala la saruji, kuta zote kijivu. Nikasema heri hakuona.

Unaniuliza kama nimesamehe. Sijui. Siku ile mahakamani niliangalia mlango mpaka mwisho. Nilijua utakuja. Nilisema moyoni, mtoto wangu yuko njiani, amechelewa basi. Nilipoambiwa kwamba kitabu ni chako, sikulia kwa ajili ya nyumba. Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka ishirini, na kila shuka nililianika likanikumbusha shati. Nikusamehe vipi kwa barua moja? Na nikuchukie vipi, mtu niliyemkausha mvua?

Lakini kuna kitu nakitaka, na hiki hakihitaji bunge. Walipomzika kaka yako, ukoo ulimpeleka kwao, mimi nikaambiwa nibaki, kwa kuwa mgeni hana nafasi kwenye gari. Mahali alipolazwa sipajui hadi leo. Miaka ishirini na saba, shemeji. Nikitaka kumwambia kitu, sijui nigeukie upande gani.

Nipeleke. Jumamosi ya wiki ijayo kuna basi la saa mbili asubuhi. Nitakungoja kituoni na kikapu changu. Ndugu zako wakiuliza ni nani umekuja naye, utawajibu wewe, mimi nitakuwa na mazungumzo yangu.

Usihangaike kunitafuta kwenye watu. Nitakuona mimi. Nyinyi wawili mlikuwa na mwendo mmoja, mguu wa kushoto ukitangulia kama unaomba njia, nami mwendo huo nimeungoja siku nyingi.

Mke wa kaka yako